Jamvi la Ukingoni

Afisa wa nyumba alikuja Jumatatu asubuhi na viatu visivyojua matope, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa kigoda ili avifute. Mshonaji akamletea kigoda na kitambaa, kipande kilichobaki kwenye sare ya shule, akasimama pembeni kama anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani. Afisa alifuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto, akavikagua vyote viwili, ndipo akainua macho kuutazama ukingo.

Ukingo wenyewe ulikuwa nyuma ya jiko, hatua nne tu kutoka mlangoni. Ulikuwa mteremko mkali wa udongo mwekundu, kimo chake kama cha watu wawili, na juu yake kulikuwa na nyumba za watu wengine. Mvua za mwaka uliopita ziliuporomosha udongo ule ukaingia jikoni hadi magotini, na mshonaji, mume wake na mama mkwe wake wakakaa siku tatu wakiuzoa kwa karai. Ulibaki ufa ukutani, kutoka dirishani mpaka sakafuni. Mume aliupaka chokaa, na chokaa nayo ikapasuka palepale.

"Nyumba hii ni ya manispaa," afisa alisema, habari ambayo haikuwa ngeni kwa yeyote. "Siku ikiwaangukia, ataulizwa nani? Ni mimi."

"Tutajenga ukuta wa mawe," mume alisema. Alikuwa mwokaji mikate, ametoka kazini muda si mrefu, na unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mtaujenga kwa pesa gani?" afisa aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya. Aliitazama meza yenye mguu wa kuunga, akaitazama cherehani, akaamua kutosubiri jibu. "Nawapa njia rahisi. Pandeni kitu cha kushika udongo, si maua ya kupendezesha. Nitarudi mvua zikianza. Nikikuta udongo mtupu kama huu, nitaandika kwamba nyumba haifai, mhamishiwe kule kwenye maghorofa. Kuna chumba ghorofa ya nne, kizuri tu, kina dirisha kubwa."

"Chumba kimoja?" mshonaji aliuliza.

"Kimoja. Cha mtu na mkewe."

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha mbele yake. Miaka thelathini alifua mashuka ya hospitali, amesimama kwenye sakafu ya maji, na kazi ile ilimlipa kwa kumharibia magoti. Hata vidaraja viwili vya mlango wa mbele alivipanda kwa kushika ukuta. Masikio lakini yalikuwa mazima, na alisikia kila neno. "Mpeni mgeni chai," alisema.

Afisa alipoondoka, wote watatu walijikuta na kazi za ghafla. Walijua kwamba ghorofa ya nne maana yake ni mama kwenda kuishi kwa binti yake, safari ya siku mbili kutoka pale, kwenye nyumba iliyojaa watoto na isiyo na nafasi ya mtu kukaa kimya. Walilijua hilo kama wanavyojua njia ya kwenda chooni gizani, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyelitaja.

Kwa mambo ya kupanda, mtaani pale mtu alikwenda kwa Mama Miche. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyepanga miche yake kando ya barabara kwenye makopo ya rangi, na aliyewatukana wateja wake kwa upendo. Alikuja mwenyewe kuutazama ukingo, akauzunguka kadiri unavyozungukika, akauchokoa kwa kidole cha mguu.

"Hapa ni jamvi tu," alisema.

Mmea huo bila shaka una jina lake la vitabuni, lakini mtaani wote waliuita jamvi kwa sababu unajitandaza chini. Una majani madogo manene ya kijani kilichokolea, hauyapukutishi wakati wa jua wala wa baridi, na kila pingili ya shina lake inapogusa udongo inatoa mizizi. Hauoti kwenda juu hata kidogo. Unatambaa tu, mwaka baada ya mwaka, na mahali ulipopita udongo hauendi popote.

"Hauna maringo huu," Mama Miche alisema. "Mbuzi akiukanyaga, unainuka. Jua likiuchoma, unanyamaza. Mnachotakiwa ni kuumwagilia mpaka ushike, basi. Kopo moja kwa kila mstari, mara moja kwa siku. Na anayemwagilia awe mtu mmoja, msinifanyie mchezo."

"Niachieni mimi," mwokaji alisema.

Mshonaji alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alimtazama mshonaji. Kisha wote wawili wakatazama kwingine.

Ni kwamba mwokaji alikuwa msahaulifu wa kupindukia. Wenzake kiwandani walimwita Saa Mbovu, na jina lilimkaa vizuri hata mwenyewe akalizoea. Alipeleka viatu kwa fundi akavikumbuka baada ya miaka miwili, vikiwa miguuni mwa fundi. Siku ya harusi yake aliamka saa tisa alfajiri kama kawaida, akaenda kazini, akakanda unga, na alipomwona msimamizi wa kiwanda amevaa suti ndipo akauliza kuna sherehe gani. Mshonaji aliisimulia hadithi hiyo kila alipopata mtu wa kuisikiliza, na kila mara alicheka mpaka machozi, kwa maana alimpenda mno mtu yule. Lakini kumpenda mtu ni jambo moja, na kumkabidhi ukingo ni jambo jingine.

"Sawa, ni wewe," alisema. "Tumekubaliana."

Malipo ya miche yalikuwa mapazia ya vyumba vitatu vya Mama Miche, yenye marinda, na marinda yenyewe Mama Miche aliyataka mazito.

Walipanda Jumapili nzima. Mwokaji alipanda ngazi akachimba vishimo kwa kijiko cha chuma, akianzia juu, kimoja na kingine vikipishana kwa shubiri moja. Mama mkwe alikaa chini kwenye kigoda na beseni mapajani, vipandikizi amevifunika kwa kitambaa chenye maji, akivikata ncha na kuvipitisha juu kimoja kimoja. Mshonaji alikuwa katikati, anapokea na kupeleka.

"Hicho umekishika kichwa chini," mama mkwe alimwambia mwanawe.

"Nimekishika sawa, mama."

"Nimekuzaa mimi. Najua ukikosea unavyotoa ulimi."

Mwokaji akarudisha ulimi ndani, akakigeuza kipandikizi. Kufikia saa kumi jioni mistari kumi na minne ilikuwa imekamilika, michanga, imelala kwenye udongo mwekundu kama mishono ya mtu anayejifunza kushona. Mshonaji aliiona hivyo hasa, na moyo ukamwambia itakaza.

Siku iliyofuata, saa kumi na moja jioni, alisimamisha cherehani akaenda nyuma ya nyumba. Mume wake alikuwa amelala usingizi wa waokaji, ule wa mchana. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake na redio. Mshonaji alichukua kopo, akamwagilia mistari yote kumi na minne polepole bila kelele, akalirudisha kopo palepale lilipokuwa. Hakutaka kumuuliza mume wake kama amekumbuka. Akiulizwa atajua kwamba hajaaminiwa, na akiwa amesahau atainamisha kichwa, na mshonaji hakupenda kabisa kukiona kichwa kile kimeinama mbele ya mama yake. Ilikuwa rahisi zaidi kumwagilia mwenyewe na kunyamaza.

Akafanya hivyo kila siku. Mistari ya chini aliikuta mibichi tayari, lakini ukingo ule ulikuwa ukitoa jasho siku zote, maji ya wale wa juu yakipenya taratibu, kwa hiyo hakushangaa. Alimwagilia tu, kopo moja kwa mstari, kama alivyoambiwa. Na mezani mume wake akisema "jamvi letu linaendeleaje," yeye alijibu "linaendelea," akampa kipande kikubwa zaidi cha mkate.

Wiki ya kwanza majani yalisimama. Ya pili yakang'aa. Ya nne mistari ya chini ikaanza kugeuka manjano, kisha rangi ya chai. Mshonaji alivuta shina moja kidogo tu, likatoka lote mkononi, laini, lina harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa. Akahesabu kwa vidole. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano.

Mama Miche hakuhitaji hata kuinama. Alisimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni, akanusa.

"Mmeuzamisha," alisema. "Mmea wa watu mmeuzamisha. Huu jua haliuui, na mbuzi hauwezi. Anayeuua ni mtu, kwa kuuonea huruma."

"Mimi sikuugusa," mama mkwe alisema haraka.

Mshonaji alimgeukia. Haraka ile hakuipenda. "Mama, yale maji ya kuoshea vyombo hukuyamwaga pale?"

"Maji ya vyombo? Wewe je, maji yako ya wanga, ya kukazia kola? Niliyaona kwenye ndoo juzi."

"Nilimwaga mtaroni."

"Na mimi nimesema sikuugusa."

Miaka tisa walikuwa wameishi chini ya paa moja na hawajawahi kurushiana maneno mbele ya mtu wa nje. Mama Miche, ambaye kwa kawaida asingekosa kitu kama hicho, aliona haya akaanza kuyatazama mawingu. Ndipo mwokaji akaingia na mfuko wa mikate, akawakuta wamesimama mmoja huku na mwingine kule, na shina lililooza liko mezani kama kielelezo cha mahakamani.

Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mikate chini.

"Nimemwagilia kama alivyosema," alisema. "Nikifika tu, saa nne, kabla sijavua hata viatu. Wewe uko barazani unashona, mama yuko chumbani na redio yake. Kopo moja kwa kila mstari. Sijaruka siku hata moja."

"Hata moja?" mama yake aliuliza.

"Hata moja."

"Basi kuna mkono wa pili," Mama Miche alisema.

Mshonaji alihisi uso unawaka. Alilitazama lile shina lililooza mezani. "Ni mimi," alisema mwishowe. "Jioni. Nilidhani utasahau."

 Maji yalidondoka kwenye bomba, tone, tone. Mama mkwe alijikuna goti, akalitazama kama ndilo lililomsaliti.

"Na kama mnatafuta wa tatu, mimi hapa," alisema. "Alfajiri, ukishaondoka, mwenzako akiwa bado amelala. Kwa birika, maana ndoo siiwezi. Nilifikia mistari ya chini tu."

Ndiyo maana ile ya chini ilikuwa imeoza kabisa, na ya juu ilikuwa bado inapumua. Mama Miche alifungua mdomo acheke, akamwona mwokaji usoni, akaufunga.

"Tangu lini?" mwokaji aliuliza.

"Tangu kesho yake ya kupanda," mkewe alisema.

"Na wewe, mama?"

"Hivyohivyo."

Mwokaji alivua kofia yake ya kazi. Unga ukadondoka mabegani. "Yaani hamkuningoja hata nisahau," alisema, akaenda kulala bila kula. Na mlango aliufunga taratibu, kitu kilichomuumiza mshonaji kuliko kama angeubamiza.

Kesho yake mshonaji hakukaa kwenye cherehani. Sare kumi na mbili za shule zilikuwa zinangoja vifungo, akaziacha zingoje. Alikwenda kiwandani kwa miguu, kabla ya saa tatu, akapita mlango wa nyuma ambao magari hupakilia.

"Shemeji," mmoja wa wapakiaji alimwita. "Saa Mbovu amesahau nini leo?"

"Leo nimesahau mimi," alisema, akapita.

Hakuwa amewahi kumwona akiwa kazini. Chumba kilikuwa kirefu, cha joto la kukata pumzi, na mume wake alisimama katikati ya meza mbili za unga uliokandwa, mikono wazi mpaka kwenye kiwiko. Hakuwa yule mtu wa kutafuta soksi chini ya kitanda. Alipita kwenye bonge moja hadi jingine, akibonyeza kila moja kwa kidole, na vijana wawili walimfuata wakingoja tamko lake. "Hili tayari. Hili bado. Hili nalo bado, lifunike." Hakutazama saa ukutani hata mara moja.

Alipomwona mkewe alishtuka. "Mama anaumwa?"

"Mama mzima. Nimekuja kukuona."

Akamsogezea gunia la unga akalie. Akaendelea kubonyeza, kwa kuwa unga haungoji wageni. "Ukibonyeza, shimo likirudi haraka, bado," alimweleza, kama vile ndicho alichokuja kuuliza. "Likirudi polepole, weka tanurini. Lisiporudi kabisa, umechelewa."

"Nisamehe," mkewe alisema.

Alibonyeza mabonge mengine matatu. "Mkate nikiusahau unaungua," alisema. "Moshi unajaa, kila mtu anakohoa, msimamizi anakuja mbio. Kwa hiyo siusahau. Nyumbani nikisahau, wewe na mama mnaziba kabla hata sijajua. Nguo imeshapelekwa, mlango umeshafungwa. Sasa nitakumbuka kwa lipi? Mimi mwenyewe sijui kama mimi ni msahaulifu au nimesahaulishwa."

Mshonaji alikuwa na la kujibu, kuhusu viatu na kuhusu harusi, lakini hakulisema. Alimtazama mikono. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona kitu kingine kilichomshangaza kwa mtu wa miaka tisa ya ndoa: alitaka kukaa pale siku nzima amwangalie akifanya kazi.

"Ya juu bado iko hai," alisema. "Mama Miche anasema tukikata ncha zake, tunaweza kupanda upya chini. Utamwagilia wewe."

"Na nyinyi?"

"Sisi tutakaa."

Mwokaji alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Hilo ndilo nataka kuliona," alisema.

Walipanda upya. Safari hii mwokaji alichimba kwanza mfereji mdogo juu kabisa, maji ya wale wa juu yapite kando yasiulowanishe ukingo. Ncha zilizopatikana zilitosha nusu tu ya mistari, kwa hiyo walizipanda kwa kupishanisha, sehemu moja ina mmea na sehemu ya jirani haina. Birika lilipewa mwokaji, kopo likapewa mwokaji. Mama Miche alitoa masharti mapya: mara mbili kwa wiki, na udongo ukiwa mbichi, hata hiyo mara mbili iachwe.

Sasa hapo ndipo ilipoanza shida yenyewe. Kumwagilia ni kazi, na kazi inatuliza. Kutokumwagilia hakuna pa kushika. Jua la wiki ile lilikuwa kali mpaka mabati yakalia, na majani ya jamvi yakapoteza mng'ao yakawa kama yamepakwa vumbi. Mshonaji alikwenda dirishani, akarudi kwenye cherehani, akaenda tena. Mara mbili alishona zipu upande usiofaa. Mama mkwe alihamishia kigoda chake mlango wa nyuma, eti kwa ajili ya upepo, ingawa upepo haukuwepo mbele wala nyuma.

Alhamisi ilikuwa siku ya zamu. Mwokaji alifika saa nne, wanawake wakiwa bado barazani, akapita nyuma ya nyumba kidogo, akaingia, akanywa chai, akasifu chai, akaenda kulala.

Wanawake wawili walibaki wametazamana.

"Amepita tu," mama mkwe alinong'ona. "Sikusikia maji."

"Hata mimi."

"Amesahau."

"Mama, tulikubaliana."

"Nimesema tu amesahau. Sijasema niinuke."

Saa sita ilipita, saa saba ikapita. Mshonaji alileta kazi yake ya vifungo mlangoni akakaa karibu na mama mkwe, na hakuna aliyehitaji kueleza kwamba kila mmoja anamlinda mwenzake. Kopo lilikuwa pale kwenye msumari wake. Wiki tatu zilibaki. Kama ile nusu nayo ingekufa, hapakuwa na ncha nyingine za kukata.

"Nikienda kwa binti yangu," mama mkwe alisema ghafla, akiwa anachambua vifungo kwa ukubwa, "hivi nani atakuchambulia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno lile kutamkwa ndani ya nyumba. Mshonaji alijichoma sindano.

"Huendi popote."

"Usiniahidi, mwanangu. Hilo haliko mkononi mwako. Liko kwenye ule mmea, na ule mmea uko mkononi mwa mtu aliyelala." Akaweka kando kifungo kilichovunjika. "Nilimlea hivyo mwenyewe. Baba yake alipofariki, nilimfanyia kila kitu, mpaka vifungo vya shati nilimfunga akiwa na ndevu. Niliona raha. Nilidhani namsaidia yeye."

Mshonaji alimshika mkono. Ulikuwa mkono mgumu, wenye ngozi iliyopauka kwa sabuni ya hospitali, na ulibaki ndani ya wake muda mrefu. Hawakuinuka.

Saa tisa mwokaji aliamka, akatoka akijinyoosha, akawakuta wamekaa mlangoni kama walinzi wa benki.

"Mbona mko hivi?"

"Leo Alhamisi," mkewe alisema, kwa upole kadiri alivyoweza.

"Najua ni Alhamisi." Aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa. Akapita katikati yao mpaka ukingoni, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye udongo hadi kwenye kiungo cha pili, akakishika hapo akiwa amefumba macho. "Asubuhi niliubonyeza. Juu mkavu, chini bado una maji. Na sasa bado unayo. Huu mpaka Jumamosi." Akakipangusa kidole kwenye suruali. "Mmekaa hapa tangu saa nne?"

"Tulikuwa tunapunga upepo," mama yake alisema.

Mwokaji alicheka sana, mpaka akashika ukuta. Wao nao wakacheka, na kicheko kilipoisha mshonaji alijikuta analia, akasema ni vumbi, na hakuna aliyebisha.

Mvua ziliwahi kwa siku nne. Zilinyesha siku mbili mfululizo, na ya tatu, zikiwa zimepungua kuwa manyunyu, afisa wa nyumba akabisha hodi akiwa na mwavuli. Walimfuata wote watatu hadi nyuma, mama mkwe ameshika bega la mwanawe.

Ukingo haukuwa wa kijani. Ulikuwa na mabaka ya kijani, kama nguo iliyoshonwa kwa vipande. Afisa aliutazama, akakunja uso.

"Hapa ni nusu," alisema. "Niliwapa miezi miwili na ushei."

"Ni nusu," mwokaji alikubali. "Nusu nyingine tuliiua."

"Kwa dawa?"

"Kwa maji."

Afisa alimtazama kuona kama anafanyiwa mzaha. Alitoa daftari, akaandika mstari, na mshonaji aliyekuwa upande wake alijaribu kuusoma asiweze. Kisha afisa akainama kwenye mguu wa ukingo. Udongo ulioshuka kwa siku mbili ulikuwa pale, umelala kwenye mtaro: karai moja, labda na nusu. Alishika shina moja la jamvi akalivuta. Halikutoka. Akalizungusha kwenye vidole, akavuta kwa nguvu zaidi, likakatika, akabaki na majani mkononi na mizizi ikabaki udongoni. Akajaribu la pili, kutoka kwenye baka jingine.

"Basi, bwana," mama mkwe alisema. "Utatumalizia."

Afisa aliyaachia majani, uso umemlegea kidogo. "Ufa uzibwe kwa saruji, si chokaa," alisema, akiandika. "Na hapa palipobaki pajazwe. Nitapita mwakani. Kwa sasa inakalika." Alirudia neno hilo huku akiliandika, herufi kwa herufi, na mvuke wa pumzi ya watu watatu waliokuwa wamejizuia ulitoka kwa pamoja.

Akaenda zake. Mwokaji alipandisha ngazi ukingoni papo hapo, kwenye manyunyu, akatazame mfereji wake. Mshonaji aliingia ndani kuweka maji ya chai, na ndipo akasikia anaitwa kutoka chumba cha nyuma.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda. "Hebu nisaidie," alisema. "Magoti hayainami. Kuna kitu huko chini."

Mshonaji alipiga magoti, akanyoosha mkono chini ya kitanda, akavuta begi. Lilikuwa zito. Alilifungua, na ndani, zimekunjwa kwa ule ukunjaji mkali wa watu wa hospitali, zilikuwa karibu nguo zote za mama mkwe: za kutokea, za kulalia, shuka mbili, vitambaa vya magoti, na juu kabisa bahasha ya nauli. Akageuka akalitazama kabati la nguo, ambalo alilipita kila siku bila kulifungua. Alielewa kwamba lilikuwa karibu tupu wiki zote zile.

"Tangu lini, mama?"

"Siku ile alipokuja na viatu vyake. Nyinyi mlikuwa mnamsindikiza." Mama mkwe alitazama mikono yake. "Sikutaka mje muone uchungu kunifungia begi."

 Mshonaji alitoa nguo moja, akaikung'uta, akaitundika kabatini. Akatoa ya pili. Alizitundika moja moja, bila haraka, huku maji ya chai yakichemka jikoni yenyewe, hadi akafikia gauni la bluu lililokuwa chini kabisa.

"Hilo liache humo," mama mkwe alisema. "Linanibana siku hizi. Sikujua kama nitapata mtu wa kulirekebisha huko."

Mshonaji aligeuza gauni ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Palikuwa na akiba ya kitambaa, vidole viwili kila upande.

"Simama, mama, nikupime," alisema.